Kutoka Chooni Hadi Sahanini: Mwongozo Kamili wa Kuzuia Nzi Wasikuletee Amiba na Minyoo katika Ploti za Nairobi

Mtoto wangu wa pili alipewa dawa ya minyoo mara tatu katika miezi minne. Mara zote tatu tulikwenda duka lile lile la dawa karibu na steji, muuzaji akasikiliza nusu ya maelezo, akatoa kidonge kimoja cha kutafuna, nikalipa, tukarudi nyumbani. Tumbo liliendelea kujaa gesi. Kinyesi kiliendelea kuelea na kunuka kupita kiasi, na kaptula ya shule ikaanza kumteleza kiunoni. Hatimaye alipopimwa choo, haikuwa minyoo hata kidogo. Ilikuwa jiardia, kidudu cha seli moja ambacho dozi moja ya dawa ya minyoo haikiondoi.

Wakati huo nilikuwa nauza chakula kibandani upande wa Kariobangi, na choo cha ploti kilikuwa hatua kumi na mbili kutoka jiko langu. Nilizihesabu baadaye, nikiwa na hasira. Haya ninayoandika ni matunda ya hasira hiyo. Ni kwa mtu anayeishi ploti ya choo cha pamoja, au anayeuza chapati, matunda na githeri mtaani, na ambaye hana uwezo wa kuhama mwisho wa mwezi.

Nzi anabeba nini hasa

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayeitwa Nairobi fly, anayebabua watu shingoni msimu wa mvua, si nzi. Yule ni jamii ya mbawakawa. Tunayemzungumzia hapa ni nzi wa kawaida wa nyumbani, Musca domestica, pamoja na binamu zake wakubwa wa kijani na buluu.

Nzi wa nyumbani hawezi kutafuna. Mdomo wake ni kama sifongo: hutema mate na matapishi juu ya chakula kikavu, kikilainika ndipo anakifyonza, na akiwa hapo hapo mezani hujisaidia. Kwa hiyo mzigo wake hushuka kwa njia tatu: miguu yenye vinyweleo na nyayo za kunata, matapishi, na kinyesi. Vimelea vilivyo miguuni hukauka na vingi hufa upesi. Vilivyo tumboni mwake vina unyevu, hudumu zaidi. Ndiyo maana vidoa vidogo vyeusi na vya manjano kwenye waya wa taa na kioo cha kabati la mandazi vinanitisha kuliko nzi anayepita hewani.

Sasa kuhusu mzigo wenyewe, maana hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Watu husikia nzi, wakawaza minyoo. Ni kweli mayai ya minyoo yamepatikana juu ya nzi. Lakini yai la mchango likitoka mwilini leo haliambukizi leo; linahitaji kukaa kama wiki mbili au tatu kwenye udongo wenye unyevu ndipo likomae. Safura nayo kwa kawaida huingia kupitia ngozi ya mguu ulio peku, haisubiri kubebwa hadi sahanini. Wanaofaidi lifti ya nzi zaidi ni wale wanaotoka mwilini wakiwa tayari kuambukiza: amiba, jiardia na kriptosporidiamu, vidudu vya seli moja waliojifunika ganda linalowalinda; kidudu akiwa ndani ya ganda hilo huitwa kifuko. Kwa jiardia, vifuko kumi hivi vinatosha kumwangusha mtu. Mayai ya tegu wa nguruwe pia huwa tayari papo hapo, na hayo yakimezwa yanaweza kufika hadi kwenye ubongo na kuleta kifafa.

Nzi basi ni mpagazi tu, na mwenye mzigo ni binadamu. Wala si mpagazi pekee. Majaribio ya kupulizia nzi dawa vijijini Pakistan na Gambia, yaliyochapishwa mwaka 1999, yalipunguza kuhara kwa watoto kwa takriban robo. Robo si haba, ila sehemu iliyobaki ina njia nyingine, hasa mikono na maji. Mtu akikuambia ukiua nzi umemaliza kazi, anakuuzia kitu.

Hatua ya kwanza: wahesabu kabla hujapigana nao

Utacheka, lakini usiruke hatua hii. Chukua kipande cha kadibodi, nusu mita kwa nusu mita, ukiweke pale nzi wanapopenda kutua. Simama kando dakika mbili watulie. Kisha hesabu wanaotua kwa sekunde 30. Rudia sehemu tano: mlangoni mwa choo, kwenye taka, mahali pa kuoshea vyombo, jikoni, na meza ya kuuzia. Fanya hivyo kati ya saa tano na saa saba mchana, siku ya jua, uandike daftarini.

Faida yake utaiona mwezi mmoja baadaye, jirani akidai hakuna kilichobadilika, nawe una daftari.

Angalia rangi pia, kwa sababu rangi hukuonyesha anwani. Nzi wadogo wa kijivu wenye michirizi mgongoni mara nyingi wametoka kwenye takataka zinazooza au samadi ya kuku, mbuzi na ng'ombe. Wakubwa wanaong'aa kijani au buluu na kuvuma kwa sauti, tafuta shimo la choo, au mabaki ya nyama na samaki. Kwa wakazi wa karibu na soko la Burma au machinjio yoyote, jibu linaweza kuwa ng'ambo ya ukuta wenu.

Hatua ya pili: tafuta wanakozaliwa

Jike mmoja hutaga mayai 100 hadi 150 kwa mkupuo, na hutaga mikupuo kadhaa. Mayai huanguliwa ndani ya siku moja. Mabuu hula siku kadhaa, kisha huondoka kwenye uchafu wenye majimaji na kutafuta mahali pakavu pa kugeuka pupa, kile kijipipa cha rangi ya kahawia. Joto likiwa kali, yai hufika kuwa nzi kwa siku saba hadi kumi. Katika baridi yetu ya Julai huweza kuchukua wiki tatu au zaidi, ila ndani ya lundo la taka kuna joto lake lenyewe, usidanganywe na sweta uliyovaa.

Kwa hiyo beba kijiti, zunguka ploti, uchimbue. Usiishie juu ya lundo. Chimba pembeni yake, kwenye udongo mkavu, chini ya magunia. Ukikuta vijipipa hivyo vya kahawia, umefika leba yao.

Choo kina kipimo chake. Kama kuna vyoo viwili, omba kimoja kipumzike tangu usiku hadi adhuhuri ya kesho yake. Funika tundu kwa kadibodi, ziba kingo kwa matambara, toboa katikati nafasi ya mdomo wa chupa, kisha simamisha hapo chupa ya plastiki isiyo na rangi, mdomo ukiangalia chini. Acha mlango wazi asubuhi ili chupa ipate mwanga. Nzi wanaotoka shimoni huufuata mwanga, wakaishia chupani. Chupa ikiwa tupu, choo chenu hakizalishi. Nzi wanakuja kula tu. Ikiwa na nzi thelathini, huhitaji mkutano mrefu.

Hatua ya tatu: taka zisipite siku nne

Mabuu wakihitaji siku tano kukua, taka zikiondoka kila baada ya siku tatu au nne hawafuzu. Hesabu ni rahisi hivyo. Tatizo ni kwamba vijana wa kuzoa taka katika mitaa mingi huja mara moja kwa wiki, na mvua ikinyesha barabara haipitiki. Sisi tuliongea nao waje Jumatatu na Alhamisi kwa nyongeza ndogo kutoka kila nyumba. Walikubali haraka kuliko mwenye ploti.

Msipofaulu hilo, tenganisheni. Maganda, mabaki ya ugali na matumbo ya samaki yaingie ndoo ndogo yenye mfuniko unaobana. Karatasi na plastiki kwenye gunia. Gunia kavu linaweza kungoja wiki nzima bila kumlea nzi hata mmoja. Taka zikiondoka, kwangua udongo wa chini na wa pembeni kina cha vidole vinne, uutoe nao, maana pupa wameshahamia humo. Watu wengi huzoa lundo safi kabisa, halafu wanashangaa nzi wamezidi baada ya wiki.

Nepi nazo. Kuna imani kwamba kinyesi cha mtoto mchanga hakina madhara. Kinyume chake: watoto wadogo ndio wenye jiardia kwa wingi, na nepi yao imelala wazi juu ya taka. Kinyesi kiangushwe chooni kwanza, nepi ikunjwe, ifungwe, iingie kwenye ndoo yenye mfuniko. Mtoto wa poti, poti imwagwe chooni papo hapo na si kwenye mtaro. Kuna aina ya nzi, Musca sorbens, ambaye hupenda kutaga hasa kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa juu ya ardhi. Choo cha kurushwa kwenye mfuko kinamfaa sana.

Kabla sijasahau: ukikuta kwenye mbolea mabuu makubwa, mapana, ya rangi ya udongo, huenda ni wa nzi askari mweusi. Huyo mwache. Mkubwa wake hahangaiki na chakula chako, na wafugaji wa kuku huwatafuta mabuu wake. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe pale Kasarani, kilichoanzishwa na Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970, kimefanya utafiti mwingi wa kuwafuga kwa taka za jikoni.

Hatua ya nne: choo

Hapa ndipo pa kutumia pesa, kama mna pesa ya mahali pamoja tu.

Choo cha shimo kisicho na bomba la hewa kinahitaji mfuniko wa tundu unaobana kweli. Ubao uliorushwa juu ya tundu wenye mwanya wa kidole ni sawa na hakuna. Tengeneza mfuniko wenye mpini mrefu, mtu asilazimike kuinama na kushika uchafu, la sivyo wiki ya pili utakuwa umelala kando ukutani. Ziba pia nyufa za sakafu kwa saruji. Nzi hupita humo.

Choo chenye bomba ni habari nyingine, na watu hukikosea. Muundo wake ulibuniwa Zimbabwe mwanzoni mwa miaka ya 1970 na Peter Morgan. Katika jaribio moja la siku 78 walinasa nzi 13,953 kutoka choo kisicho na bomba, na 146 tu kutoka kile chenye bomba. Siri yake ni mwanga. Upepo ukipita juu ya bomba huvuta harufu ya shimo kwenda juu, na nzi wa nje hufuata harufu hadi kileleni wakakuta wavu. Wale waliozaliwa shimoni huona mwanga juu ya bomba, hupanda, hugonga wavu huo huo, huchoka na kufa. Ili hilo litokee, bomba liwe na upana wa inchi sita, lipite paa kwa nusu mita au zaidi, lisimame wima bila kona, na liwe na wavu wenye matundu ya milimita moja hadi moja na nusu. Wavu wa mbu wa nailoni huliwa na gesi na jua. Tumia wa alumini au chuma kisichoshika kutu, uukague kila miezi mitatu.

Sharti la mwisho ndilo linalovunjwa kila ploti niliyoingia: ndani ya choo pawe na giza. Wenye ploti hupenda kuweka bati moja la plastiki linalopitisha mwanga ili wasilipie taa. Basi tundu linang'aa kuliko bomba, nzi wanatoka kwa watu. Kwenye choo chenye giza na bomba zima, tundu liachwe wazi ili hewa izunguke. Kama bati la mwanga halitatoka, rudini kwenye mfuniko.

Usimwage oili chafu ya gari shimoni. Najua wanaofanya hivyo. Inaingia ardhini na kuchafua visima. Dawa ya wadudu humaliza hata wadudu wanaokula mabuu, na nzi huizoea. Majivu yanasaidia pale kinyesi kinapobaki kikavu na kufunikwa kila mara. Kwenye shimo lililojaa maji, ni kama kutia chumvi ziwani. Shimo likibakiza nusu mita kujaa, waite wa kunyonya, msingoje lifurike Aprili.

Mwenye ploti akikataa? Tulitumia chokaa. Nilinyunyizia chokaa nyeupe ya unga kuzunguka tundu asubuhi, nikaweka sahani nyeusi yenye vipande vya papai mezani. Kabla ya saa sita kulikuwa na alama nyeupe juu ya papai, na mwenye ploti alikuwa ameketi mbele yake. Si ujanja wangu: katika kambi za wanajeshi wa Marekani mwaka 1898, wakati wa vita na Hispania, watu waliona nzi wenye miguu ya chokaa ya chooni wakitembea juu ya chakula, na homa ya matumbo ilikuwa ikiwamaliza askari. Papai likishindwa, ipo Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Afisa wa afya ya umma anaweza kumtaka mwenye mali aondoe kero inayohatarisha afya. Mpitieni mhamasishaji wa afya ya jamii wa eneo lenu. Anajua mlango wa kubisha.

Hatua ya tano: chakula

Chakula kinachofuka mvuke nzi hatui juu yake. Hatari ni chakula kilichopoa, na zaidi kile kisichorudi motoni: kachumbari, matunda ya kukatwa, chapati zilizopangwa, mboga za kukatakata.

Tunda likatwe mteja akisimama. Nilipoanza kufanya hivyo na tikiti niliogopa kupoteza wateja wa haraka. Nilipoteza wachache, wengine wakaongezeka kwa sababu waliona kisu kikioshwa. Ukilazimika kukata mapema, kabati la kioo lenye mlango wa wavu ni bora kuliko karatasi ya plastiki iliyotandazwa, ambayo upepo huifunua na mkono huishika mara mia. Nyumbani, kawa la ukindu kama la watu wa pwani au kawa la wavu vyote vinafaa, mradi kingo zikae bapa mezani.

Sukuma wiki zioshwe kwanza kisha zikatwe, si kinyume. Kwa kachumbari, sugua nyanya na dania chini ya maji yanayotiririka. Usiitegemee klorini pekee: inaua bakteria wengi, lakini vifuko vya jiardia na amiba huivumilia kuliko bakteria, na kriptosporidiamu huicheka. Moto hauchekwi. Maji yakichemka kwa nguvu dakika moja yametosha kwa mwinuko wa Nairobi, ingawa huku yanachemka chini kidogo ya nyuzi 95.

Vikombe, vijiko na chupa ya mtoto: vipinduliwe au vifunikwe. Tunafunika sufuria tukasahau kijiko kilicholala nje. Kitambaa cha kufutia meza kinachoachwa na majimaji ya chai ni mkahawa wa nzi, kikaushwe juani.

Hatua ya sita: mitego na dawa ya kupulizia

Hii ni nyongeza. Kata theluthi ya juu ya chupa ya lita mbili, ipindue ndani kama faneli, weka chini yake maji kidogo na vichwa vya omena. Itundike mita kumi au zaidi kutoka jikoni, upande wa taka. Ukiiweka kando ya meza ya chakula unawaalika. Karatasi za ulimbo zitundikwe ndani, zisiwe juu ya chakula. Dawa ya kupulizia penye chakula, hapana. Na ikiwa bado hujagusa hatua ya tatu na ya nne, weka pesa ya dawa mfukoni: waliozaliwa jana watajaza nafasi kesho.

Hatua ya saba: tumbo lenyewe

Nairobi, mtu akiumwa tumbo huambiwa ana amiba, au taifodi, au vyote viwili. Omba kipimo cha choo. Peleka kinyesi kibichi, kisichochanganyika na mkojo, katika chombo safi chenye mfuniko. Kikiwa na damu au kamasi kifike maabara ndani ya nusu saa, kwa sababu amiba hai hufa upesi na haitaonekana. Kipimo kimoja kisipoona kitu na dalili zipo, rudia siku nyingine hadi mara tatu. Vimelea hawatoki kila siku.

Dalili zinasaidia kumweleza daktari. Damu na kamasi pamoja na tumbo kukata huelekeza kwenye amiba au bakteria wa kuhara damu. Gesi nyingi, kubeua harufu ya yai viza, kinyesi cha mafuta kinachoelea na kupungua uzito kwa wiki kadhaa huelekeza kwenye jiardia. Fahamu pia kwamba kuna amiba asiye na madhara anayefanana kabisa na yule mbaya chini ya hadubini, kwa hiyo vifuko kwenye karatasi ya maabara bila dalili havimaanishi lazima unywe dawa.

Jambo lifuatalo ndilo linalorudisha mzigo kwa mpagazi. Metronidazole, dawa ya kawaida ya amiba, huua amiba walioingia kwenye kuta za utumbo, ila haiwamalizi vizuri wanaobaki ndani ya utumbo na kutengeneza vifuko. Daktari hupaswa kufuatisha dawa ya pili, kama diloxanide au paromomycin. Wengi hupona kuhara, hawanywi ya pili, na huendelea kupeleka vifuko chooni huku wakijisikia wazima. Uliza kuhusu dawa hiyo kabla hujatoka. Ukinywa metronidazole usiguse pombe hadi daktari aruhusu, na mjamzito asijinunulie dawa yoyote ya tumbo.

Mtoto anayehara apewe maji ya chumvi chumvi ya paketi, kwa kiasi cha maji kilichoandikwa juu yake, na zinki kwa siku 10 hadi 14. Macho yakididimia, akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa anayeuza chakula, cheti cha afya hufanywa upya kila miezi sita, na kipimo cha choo ni sehemu yake. Wapo wanaokinunua bila kupimwa. Wanajijua.

Hesabu ya pili

Baada ya wiki tano rudi na kadibodi ile ile, saa zile zile. Kwangu mlango wa choo ulishuka kutoka nzi 31 hadi 4, na meza ya kuuzia kutoka 12 hadi 2. Mahali pa kuoshea vyombo palibaki na 15, wote wa kijivu, hakuna wa kijani. Tulifuata rangi hiyo hadi nyuma ya ukuta, tukakuta samadi ya mbuzi sita wa jirani, imelundikwa tangu Krismasi. Jumapili tulimwendea na maandazi. Alisema samadi hiyo ana mteja wake Githurai, ila hajapata mkokoteni. Tukamkodia mkokoteni.